Shajara ya mradi: saumu, karafuu na kinyausi kwenye vitalu vya Mgeta

Kabla ya kuanza

Kazi hii inafanyika sehemu mbili: kwenye vitalu vya kikundi cha wakulima wa mboga Mgeta, juu milimani Uluguru, wilaya ya Mvomero, na kwenye maabara tunayoazimwa mjini Morogoro. Mgeta inalisha masoko mengi kwa kabichi, nyanya, karoti na njegere. Kila msimu kilio cha kwanza hutoka kitaluni, kabla hata mche haujafika shambani.

Kila mkulima huku amesikia kwamba mwarobaini, saumu, majivu au mlonge vinaua ukungu. Ukiuliza ni kiasi gani, kwa maji kiasi gani, mbegu ikae humo muda gani, kila mtu anakupa jibu lake. Tunatafuta kipimo ambacho mama mwenye kitalu cha nyanya anaweza kukifuata jikoni kwake. Tunataka pia kusema waziwazi ni wapi kipimo hicho hakitamsaidia, maana mkulima aliyepoteza mbegu kwa kuamini dawa ya asili hatajaribu tena, na wala hatatusikiliza tena.

Tunashughulika na kinyausi peke yake, yaani ugonjwa unaoozesha na kuangusha miche michanga kitaluni. Bakajani na mnyauko wa bakteria tunaviacha.

Wiki ya 1

Tumezunguka vitaluni kung'oa miche iliyoanguka. Watu wengi huita yote kinyausi na kutafuta dawa moja, lakini ukiutazama mche kwa karibu unaona kuna zaidi ya ugonjwa mmoja.

Mche wa nyanya uliolala uchimbue pamoja na udongo wake, uoshe mizizi taratibu kwenye bakuli, kisha ubane mzizi kwa kucha na kuvuta. Kwenye vitalu vya bondeni, penye udongo mzito unaotuamisha maji, ngozi ya nje ya mzizi ilivuka yote mkononi kikabaki kijiuzi cheupe cha katikati. Hiyo ni dalili ya Pythium, kimelea cha udongoni kinachopenda maji. Shingo ya mche, pale inapotoka kwenye udongo, ilikuwa laini na yenye majimaji, na mche ulilala usiku mmoja ungali wa kijani.

Kwenye matuta ya juu, hasa ya kabichi, hali ilikuwa nyingine. Kidonda kilikuwa kikavu, cha kahawia inayoelekea wekundu, na shina limesinyaa likawa jembamba kama waya. Mche wa namna hiyo unaweza kusimama siku kadhaa kabla ya kukatika. Hapo tulimshuku Rhizoctonia solani, kuvu wa udongoni, na hadubini ikathibitisha: nyuzi za kahawia zinazotoa matawi karibu kwa pembe mraba, kila tawi limebanwa kidogo pale linapoanzia. Nyuzi za Pythium hazina kuta za kuzigawa ndani, na ukishaziona mara moja huwezi kuzichanganya na za mwenzake.

Tofauti hii ina maana kubwa kwa mkulima. Pythium, ukitaka kusema kweli, hata si kuvu halisi. Ukoo wake uko karibu zaidi na mwani. Ndiyo maana metalaxyl, dawa ya ukungu inayouzwa madukani ikiwa imechanganywa na nyingine iitwayo mankozebu, inamkomesha Pythium ila haimgusi Rhizoctonia. Mkulima anamwagia dawa ya dukani kwenye kabichi, miche inazidi kukatika, anasema dawa ni feki. Pengine dawa ni nzima, ila imepelekwa kwa ugonjwa usio wake. Na mimea yetu tutaipima hivyo hivyo, kwa kila mmoja wa hao wawili peke yake.

Kuna pia mbegu ambazo hazikuchomoza kabisa. Mkulima hulaumu duka la mbegu. Tulifukua mistari yenye mapengo tukakuta mbegu zimeota kidogo zikaozea chini. Huo nao ni kinyausi, umepiga kabla mche haujaona jua.

Wiki ya 2

Tumechagua mimea minne: kitunguu saumu, karafuu, magome ya mdalasini na majani ya mwarobaini. Karafuu na mdalasini vinalimwa upande wa mashariki wa milima hii hii ya Uluguru, kwa hiyo si vitu vya kuagiza mbali. Saumu inapatikana kila genge. Mwarobaini tumeuweka kwa sababu ndio unaotajwa na kila mtu.

Mzee mmoja wa kikundi alitaka tuongeze utupa, na hoja yake ilikuwa nzuri: unaota wenyewe, haugharimu kitu. Nilikataa kwa sababu mbili. Utupa unajulikana kwa kuua wadudu, na tatizo letu si wadudu. Halafu una rotenoni, sumu ile ile inayofanya watu wautumie kulevya samaki. Vitalu vya Mgeta viko kandokando ya vijito, na maji ya huku yanashuka hadi mto Ruvu, ambao Dar es Salaam inautegemea kwa maji ya kunywa. Mzee alifikiri kidogo akasema, "Basi hapo sawa mwanangu, samaki nao wana haki yao." Tuliendelea bila utupa.

Namna tulivyotayarisha:

Saumu iliyomenywa, gramu 100, inapondwa mbichi kwenye kinu, inaachwa dakika kumi, inatiwa kwenye lita moja ya maji baridi yaliyochemshwa jana yake, inakorogwa na kuchujwa kwa kipande cha kanga. Inatumika siku hiyo hiyo.

Karafuu na mdalasini vinasagwa na kulowekwa kwenye spiriti usiku kucha, vinachujwa, kisha vinapunguzwa kwa maji yenye sabuni kidogo ya kipande. Yujenoli, ambayo ndiyo nguvu ya karafuu, haipendi maji. Ukiloweka karafuu kwenye maji matupu unapata harufu nzuri na dawa kidogo sana. Majani ya mwarobaini tuliyakausha kivulini, tukayasaga, tukayaloweka kwenye maji usiku mmoja, gramu 100 kwa lita.

Wiki ya 3 na 4: visahani

Chakula cha kuvu tulikipika wenyewe: viazi mviringo gramu 200, sukari ya glukosi gramu 20 na agari (unga wa kugandisha) gramu 15 kwa lita moja, kikachemshwa kwa shinikizo kwenye nyuzi 121 kwa dakika 15. Dawa ya mmea haiingii humo kabla ya kuchemsha. Tulisubiri agari ipoe hadi karibu nyuzi 45, mkono unaweza kushika chupa bila kuungua, ndipo tukachanganya. Saumu tuliipitisha kwanza kwenye chujio lenye matundu madogo kiasi cha kuzuia bakteria, kwa sababu kuipika ni kuiharibu. Katikati ya kila kisahani tukaweka kipande cha kuvu hai, na visahani vingine vikabaki bila dawa yoyote ili tuwe na cha kulinganishia.

Rhizoctonia ana mbio. Bila dawa alifika ukingoni mwa kisahani cha sentimita 9 ndani ya siku chache, na Pythium akamtangulia. Kwenye karafuu, Rhizoctonia hakutoka kabisa kwenye kipande chake, hata kwenye kipimo cha katikati. Mdalasini ulifuata kwa karibu. Saumu ilimzuia Pythium vizuri kuliko nilivyotarajia, na Rhizoctonia ikampunguza mwendo bila kumsimamisha. Kwenye mwarobaini kuvu alitembea karibu sawa na kwenye kisahani kisicho na dawa.

Hilo la mwarobaini limewauma wenzangu wa kikundi, na ninaelewa. Mwarobaini ni mti wetu, umetibu watu na mazao mengi. Ila azadiraktini, ambayo ndiyo nguvu yake, imejaa zaidi kwenye mbegu kuliko kwenye majani, ni ya kupambana na wadudu, na jua linaivunja haraka. Kwa inzi weupe nitaendelea kuupendekeza. Kwa kinyausi, maji ya majani yake hayajatuonyesha kitu.

Kisha tukafanya jambo ambalo mapishi mengi yanayosambazwa hayalifanyi. Vile vipande vya kuvu vilivyoshindwa kukua tuliving'oa tukavihamishia kwenye chakula safi kisicho na dawa. Vya kwenye karafuu kali vilibaki vimekufa. Vya kwenye saumu, vingi viliamka vikaanza kukua. Saumu ilikuwa imewalaza. Kwa mkulima maana yake ni kwamba saumu inamnunulia mche siku chache, na lazima tujue siku hizo zinatosha nini.

Wiki ya 5

Mvua. Barabara ya kupanda milimani haikupitika. Tumetumia muda huu kukuza Rhizoctonia kwenye punje za mtama zilizochemshwa, kwa ajili ya kuambukiza udongo wa kwenye trei.

Wiki ya 6 hadi 8: trei

Kisahani ni chakula laini chenye kuvu mmoja peke yake. Udongo una maelfu ya viumbe, una samadi inayonyonya dawa, una maji yanayoisukuma chini. Kwa hiyo matokeo ya wiki ya 4 sikuyapeleka kwa mkulima yeyote, ingawa waliniuliza sana.

Tulivukizia udongo kwa pipa na kuni, tukaugawa mafungu matatu: wenye Rhizoctonia, wenye Pythium, na safi. Mbegu ni nyanya aina ya Tengeru 97, isiyopakwa dawa kiwandani. Hili nalisisitiza: mbegu zenye rangi ya waridi, bluu au kijani zimekwisha kuvishwa dawa, na kuziloweka kwenye kitu chochote ni kuiosha dawa uliyoilipia.

Udongo safi tuliuweka makusudi ili tujue dawa zetu zinaifanya nini mbegu yenyewe pasipo ugonjwa. Na hapo karafuu, shujaa wa visahani, ilitoa sura yake nyingine. Kwenye kipimo kilichoua Rhizoctonia, mbegu nyingi hazikuota, na zilizoota zilikuwa na ncha za mizizi za kahawia, zimeungua. Tuliposhusha kipimo hadi mbegu ikawa salama, kinga nayo ikapungua sana. Mdalasini ulikuwa na tabia hiyo hiyo, ingawa si kwa ukali ule. Kumwagia maji ya karafuu juu ya miche iliyokwisha chomoza kuliacha madoa ya kuungua kwenye majani mawili ya mwanzo.

Saumu ilikuwa na upole zaidi. Mbegu zilizolowekwa kwa saa moja kwenye maji ya gramu 100 kwa lita, kisha zikapepewa kivulini hadi zikauka, zilichomoza vizuri kwenye udongo safi. Kwenye udongo wenye Pythium zilichomoza kwa wingi ulioonekana kwa macho ukilinganisha na zilizolowekwa kwenye maji matupu. Kwenye udongo wa Rhizoctonia tofauti ilikuwepo, ila ndogo. Tulipoongeza muda wa kuloweka hadi usiku kucha, uotaji ulishuka.

Baada ya wiki moja hivi tofauti ilianza kufutika. Miche ya saumu iliyokuwa kwenye trei zenye unyevu wa kudumu ilianza kulala kama mingine. Ndicho visahani vilichokuwa vimetuambia: kuvu aliyelala aliamka. Dawa ya dukani ya metalaxyl na mankozebu iliwashinda wote kwenye trei za Pythium, na lazima niandike hivyo hivyo. Kwenye trei za Rhizoctonia haikuwa na ubabe huo.

Kabla ya kufunga sehemu hii tuligawa trei za saumu mara mbili. Nusu zilimwagiliwa asubuhi tu, pale udongo wa juu ulipoanza kukauka. Nusu ziliendelea kuloweshwa asubuhi na jioni kama wengi wanavyofanya. Ile ya kwanza ilibaki na miche mingi, ya pili ikawa na mapengo. Tulifanya vivyo hivyo kwa trei zisizo na dawa, tukaona mwelekeo ule ule. Kwa tathmini yangu, namna ya kumwagilia ilikuwa na nguvu kuliko dawa yoyote ya mmea tuliyoipima. Pythium anazaa mbegu zinazoogelea. Ukimnyima maji ya kuogelea umemfunga miguu.

Wiki ya 9: kurudi Mgeta

Kikao chini ya mti, na matokeo tumeyaandika kwa chaki kwenye ubao. Mama mmoja mwenye kitalu kikubwa alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mimi hiyo saumu niliipika kabisa, ikachemka vizuri, nikamwagia. Hamna kitu."

"Shida ni kuchemsha, mama," nilimjibu. "Ukiipika, dawa haitengenezeki."

Tukaponda saumu pale pale ili kila mtu anuse. Tembe nzima haina harufu kali. Ukiiponda, chembe zake zinapasuka, kimeng'enya kilichokuwa upande mmoja kinakutana na aliini iliyokuwa upande mwingine, na papo hapo alisini inazaliwa. Hiyo ndiyo inayowasha pua, na ndiyo inayopambana na kuvu. Chester Cavallito na John Bailey waliitenga huko Marekani mwaka 1944. Moto unaua kimeng'enya, kwa hiyo saumu iliyotiwa nzima kwenye maji ya moto haitoi alisini tena. Na iliyokwisha pondwa haikai, inapungua nguvu siku hadi siku. Tulinusisha watu bakuli mbili, ya saumu mbichi na ya iliyochemshwa nzima. Yule mama alirudia kunusa, akacheka, akasema kumbe alikuwa anamwagilia mchuzi.

Ameniuliza swali ambalo nimelibeba: kwa nini aloweke mbegu badala ya kumwagia kitalu kizima? Jibu ni gharama. Ekari moja ya nyanya za kawaida inahitaji mbegu zisizozidi gramu mia moja na kitu, ambazo zinalowekwa kwenye bakuli moja la maji ya saumu. Kumwagia kitalu kizima kungehitaji ndoo kadhaa, na saumu kwa kilo si bei ya mchezo.

Wiki ya 10 hadi 13: vitalu vya wakulima

Wakulima waliojitolea waligawa kila kitalu vipande: mbegu zilizolowekwa kwenye saumu, na zilizolowekwa kwenye maji. Tulikubaliana vipande vipangwe kwa kura, maana kila mtu anataka kuweka dawa mahali pazuri.

Matuta yameinuliwa kiasi cha sentimita 15 hadi 20. Mbegu zinasiwa kwenye mistari badala ya kurushwa. Hapo tulivutana kidogo, kwa kuwa kurusha ni haraka na kitalu kinaonekana kimejaa. Lakini msongamano ndio njia ya Rhizoctonia kupita kutoka mche hadi mche bila hata kushuka ardhini. Kivuli cha nyasi kimepunguzwa, na pale mawingu yanapolala siku nzima kimeondolewa kabisa. Kuchoma takataka juu ya kitalu kabla ya kusia tumekuacha kuendelee, kwa sababu joto lake linapunguza vimelea kwenye tabaka la juu. Kutandaza nailoni ili jua lichemshe udongo kunafaa kule chini Morogoro penye jua kali, na kunataka wiki nne hadi sita. Mgeta, pamoja na mawingu yake, sikushauri.

Hali ilivyo leo: kwenye matuta yaliyoinuliwa yenye mistari, vipande vya saumu vimechomoza vizuri kuliko vya maji karibu kwa kila mkulima. Bondeni, kwenye tuta moja lililotuamisha maji baada ya mvua kubwa, saumu na maji vimelala pamoja. Nimewaomba wanakikundi wote waende wakalione tuta hilo kwa macho yao, na wengi wamekwenda.

Wiki ya 14: suala la chupa

Vijana wa kikundi wanataka tutie maji ya saumu kwenye chupa, tubandike lebo, tuuze. Nia yao ni njema na kikundi kinahitaji fedha. Nimesimama kupinga. Kiuatilifu chochote kinachouzwa Tanzania, hata kitokane na mmea, kinapaswa kusajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Na hata bila sheria, chupa iliyokaa rafuni mwezi mzima itakuwa imepoteza alisini yake. Mkulima atalipa, miche italala, na jina la kikundi litakwenda na hiyo miche.

Tumekubaliana kuuza miche. Kikundi kitasia kwenye matuta yake yaliyoinuliwa, kwa mbegu zilizolowekwa, na kuuza mche uliokomaa kwa majirani.

Karatasi ya maelekezo inayogawiwa sasa inasema hivi: saumu iliyomenywa gramu 100, kwa kawaida vichwa viwili hadi vitatu vya wastani, lakini pimeni kwenye mizani ya duka; iponde mbichi; iache dakika kumi; lita moja ya maji safi baridi; chuja; loweka mbegu zisizopakwa dawa saa moja; anika kivulini; sia siku hiyo hiyo. Vaa glovu na usiguse macho, saumu kali inaunguza ngozi. Baada ya hapo mwagilia asubuhi tu, na usimwagilie ikiwa udongo wa juu bado umelowa.

Karafuu haimo kwenye karatasi. Tutairudia kwa njia nyingine: kuichanganya kwenye udongo wiki kadhaa kabla ya kusia, ili iwahi kumpiga Rhizoctonia na iishe nguvu kabla mbegu haijaingia. Udongo wa matuta ya kabichi umekwisha chotwa, na punje za mtama zenye kuvu ziko tayari maabara.